Rangi ya Video Iliyobanwa Kabla ya Kutoa Faili la Mwisho: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yametoka kwa wapiga video na wahariri wa Mbeya, Tukuyu, Njombe, Mafinga na Iringa, wengi wao wakifanya kazi za harusi, kwaya na matangazo madogo ya biashara. Kila jibu linajitosheleza; pale ambapo jambo limeelezwa kwingine, namba ya swali husika imetajwa.

## Misingi

1. Kwa nini video iliyopendeza kwenye simu hupoteza rangi ikiwekwa kwenye runinga kubwa?

Karibu kila simu na kamera tunazotumia hurekodi video iliyobanwa, yaani iliyopunguzwa data ili faili liwe dogo, na katika kubana huko rangi ndiyo hupunjwa kwanza. Jicho la binadamu hutambua tofauti za mwangaza kwa ukali zaidi kuliko linavyotambua tofauti za rangi, ndiyo maana picha hutenganishwa katika sehemu tatu: moja ya mwangaza, ambayo huachwa kamili, na mbili za rangi, yaani ya upande wa bluu na ya upande wa nyekundu, ambazo hupunguzwa. Kwenye skrini ya inchi sita upungufu huo haujitokezi. Kwenye runinga ya inchi 55 kingo za nguo, midomo iliyopakwa rangi na maandishi ya rangi huanza kuonekana kana kwamba zimechovywa majini.

2. Namba 4:4:4, 4:2:2 na 4:2:0 zina maana gani?

Zinaeleza ni pikseli ngapi zinazogawana taarifa moja ya rangi. Katika 4:4:4 kila pikseli ina rangi yake. Katika 4:2:2 pikseli mbili zilizo ubavuni mwa nyingine hugawana rangi moja, na katika 4:2:0 pikseli nne zinazounda mraba wa mbili kwa mbili hugawana rangi moja, ingawa kila moja hubaki na mwangaza wake.

Video ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600 za mwangaza, lakini ikiwa ni ya 4:2:0 kila sehemu ya rangi ina ukubwa wa 960 kwa 540 tu, yaani taarifa 518,400, ambayo ni robo. Kwa hiyo, kabla hata ubanaji wenyewe haujaanza, nusu ya data yote imekwisha kutupwa. DVD, YouTube, matangazo yanayopokelewa kwa king'amuzi na video za kawaida za simu zote hutumia 4:2:0.

3. Kwa nini nyekundu huharibika kuliko rangi nyingine?

Swali hili huulizwa zaidi na wanaorekodi kwaya. Kwa kipimo cha BT.709, ambacho ndicho cha video za HD, mwangaza wa pikseli hupatikana kwa kujumlisha sehemu 0.2126 ya nyekundu, 0.7152 ya kijani na 0.0722 ya bluu. Maana yake ni kwamba ukingo wa kitu cha kijani hubebwa kwa sehemu kubwa na mwangaza, ambao haukupunguzwa, ilhali ukingo wa kitu chekundu kilicho mbele ya giza hubebwa na sehemu za rangi, ambazo zimebaki robo.

Chukua picha ya wanakwaya waliovaa sare nyekundu mbele ya pazia jeusi, uikuze mara nne. Bega la mwimbaji halitakuwa mstari. Litakuwa ngazi, kila kipandio kikiwa na upana wa pikseli mbili, na wekundu utakuwa umemwagikia pazia. Sogea kwa mwenzake aliyevaa shati jeupe chini ya taa zile zile, ukingo wake ni safi. Kamera ni moja, mkono ni mmoja. Tofauti imetokana na rangi ya nguo. Bluu inachangia mwangaza mdogo zaidi kuliko nyekundu, ila jicho letu ni dhaifu katika kuona maelezo madogo ya bluu, hivyo walalamikaji ni wachache.

Ndiyo sababu mimi hukataa kuandika majina ya bwana na bibi harusi kwa herufi nyekundu juu ya weusi, hata mteja akisisitiza kwamba ndiyo rangi ya sherehe. Herufi nyeupe au za rangi ya maziwa hubaki kali. Akishikilia msimamo wake, tumia herufi nene na uzizungushie mstari mwembamba mweupe, ili ukingo ubebwe na mwangaza.

4. Je, rangi iliyopotea inaweza kurudishwa?

Hapana. Kinachowezekana ni mambo mawili: kukisia kwa ulaini zaidi rangi za pikseli zilizokosa taarifa, na kuzuia kilichobaki kisiharibiwe na kazi yako mwenyewe. Programu au mtu akikuahidi zaidi ya hapo, mwombe akuonyeshe pazia na bega, asikuonyeshe machweo.

## Kabla ya kusawazisha rangi

5. Kazi zifuatane vipi?

Mfuatano ninaoutumia ni huu: kwanza hakikisha programu imelisoma faili kwa kipimo na kiwango sahihi (swali la 11 na la 12), kisha lainisha kingo za rangi na ondoa chembechembe za rangi, picha ikiwa bado katika ukubwa wake wa awali, ndipo usawazishe rangi, halafu badilisha ukubwa kama inahitajika, kisha ongeza ukali, tena kwenye mwangaza peke yake, na mwisho nyunyiza chembe nyembamba (sababu iko swali la 9) kabla ya kutoa faili.

Kosa la kawaida ni kuanza na kunogesha rangi. Ukiongeza ukolezo wa rangi kabla ya kulainisha, umezikoleza na zile ngazi za bega la mwimbaji, na kuzilainisha baadaye kutahitaji ukungu mzito utakaofanya nyekundu imwagike zaidi. Kukuza picha kabla ya kulainisha kuna madhara yale yale, kwani kipandio cha pikseli mbili kinakuwa cha nne.

6. Nitalainishaje kingo za rangi bila kufifisha picha nzima?

Siri ni kuweka ukungu kwenye rangi peke yake. Katika programu yoyote yenye tabaka, nakili kipande cha video na ukiweke juu ya kile cha awali, kipe nakala hiyo ukungu wa pikseli moja hadi mbili, kisha badilisha namna tabaka hilo linavyochanganyika na la chini ili lichangie rangi tu. Mwangaza utatoka kwenye kipande cha chini ambacho hakikuguswa, na rangi itatoka juu ikiwa imelainishwa. Katika DaVinci Resolve, hata ile ya bure, unaweza kuibadilisha nodi moja, yaani hatua moja ya kazi, ifanye kazi katika YUV, ule mfumo unaotenganisha mwangaza na rangi, ukaizima chaneli ya kwanza ambayo ndiyo mwangaza, kisha ukaweka ukungu kwenye nodi hiyo.

Anza na kiasi kidogo na utazame midomo. Midomo ndiyo hutangulia kusaliti ukungu uliozidi, kwa sababu rangi yake huvuka na kuingia kwenye meno. Ukiona meno yamekuwa ya waridi, rudi nyuma. Kwa video ya HD iliyorekodiwa kwa 4:2:0, pikseli moja na nusu hutosha mara nyingi. Kwa 4:2:2 ukungu uwe wa mlalo tu, kwa kuwa wima haikupunguzwa kitu.

7. Picha za ukumbini usiku zina chembechembe za kijani na zambarau kwenye suti na nywele. Nifanye nini?

Hizo hutokana na kamera kulazimishwa kuongeza hisia yake kwenye mwanga hafifu. Ziondoe kwenye rangi kwa nguvu kiasi, na kwenye mwangaza kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu chembe za mwangaza zikifutwa zote nyuso hugeuka kuwa za plastiki. Mbinu ya swali la 6 husaidia kwa kiasi fulani; zana maalumu ya kuondoa chembe, ambayo katika Resolve imo kwenye toleo la kulipia, hufanya vizuri zaidi kwa kuwa hulinganisha fremu jirani. Kuna faida nyingine isiyoonekana: chembe hubadilika kila fremu, hivyo kibanaji hutumia biti nyingi kuzihifadhi, biti ambazo zingeenda kwenye nyuso.

Hapa lazima niseme jambo kuhusu ngozi zetu. Kamera ikiachiwa ipime mwanga yenyewe, shela jeupe likijaa kwenye picha, itapunguza mwanga ili kulinda weupe, na uso wa bibi harusi utazama kwenye sehemu ya giza, ambako chembe ni nyingi na kibanaji hutupa maelezo bila huruma. Kuuinua uso huo baadaye ni kuinua uchafu pamoja nao. Pima mwanga kwa uso, uvumilie shela kupoteza nyuzi chache.

8. Nikigeuza faili la simu kuwa ProRes au DNxHR, yaani miundo ya faili ya kuhariria, ubora utaongezeka?

Hautaongezeka hata chembe moja, lakini hautapungua tena kila unapohifadhi. ProRes 422, iliyotolewa na Apple mwaka 2007, huhifadhi biti 10 kwa 4:2:2, hivyo matokeo ya kulainisha na kusawazisha hupata nafasi ya kukaa. Gharama yake ni ukubwa: kwa 1920 kwa 1080 na fremu 25 kwa sekunde hutumia takribani megabiti 122 kwa sekunde, yaani karibu gigabaiti 55 kwa saa. Harusi ya saa tatu itaijaza diski ya kompyuta ndogo peke yake. Wengi hugeuza vipande vilivyochaguliwa tu, na ni busara.

## Kusawazisha rangi

9. Ukungu na anga vinaonyesha matuta badala ya kupungua taratibu. Kwa nini?

Kila anayerekodi asubuhi Tukuyu au Njombe hulijua tatizo hili. Video ya biti 8 ina hatua 256 kwa kila sehemu, na kwa kiwango cha kawaida cha video mwangaza hutumia 16 hadi 235, yaani hatua 220. Ukungu unaofunika mlima Rungwe una tofauti ndogo mno za mwangaza. Huenda wote umekaa ndani ya hatua 20. Ukiuvuta ili mlima uonekane wazi, hatua hizo 20 zinatawanywa kwenye nafasi ya 60, na katikati hakuna kitu. Mapengo hayo ndiyo matuta, yamepangika kama shamba la viazi la mteremkoni.

Dawa ya kwanza ni kuvuta kidogo. Ukungu una haki ya kuwa ukungu. Ya pili ni kuhakikisha mradi unafanya hesabu zake kwa biti 10 au zaidi, hata kama chanzo ni biti 8. Ya tatu ni kunyunyiza chembe nyembamba sana mwishoni, ambazo huvunja ukingo wa kila tuta na kulidanganya jicho. Ila kasi ya biti, yaani kiasi cha data kwa kila sekunde, ikiwa ndogo, kibanaji kitazifuta chembe zako na matuta yatarudi. Ndiyo maana swali hili haliwezi kutenganishwa na la 13.

Mashamba ya chai huwa na tatizo la kinyume. Pale Rungwe au Mufindi kila jani ni ukingo, na kamera ikizungushwa haraka, biti hazitoshi, majani yanageuka tope la kijani. Hakuna usawazishaji utakaoyarudisha. Zungusha kamera polepole, au iache imesimama na upepo ufanye kazi yake.

10. Niamini skrini ipi?

Kabla ya skrini yoyote, amini grafu za vipimo zilizo kwenye programu yako. Grafu ya mwangaza hukuonyesha kama weusi umezama au weupe umepasuka, yaani umepoteza maelezo, na vektaskopu, ile ya duara, hukuonyesha rangi inaelekea wapi na imekolea kiasi gani. Ngozi za watu wote, weusi kwa weupe, huangukia karibu na mstari mmoja kwenye duara hilo, kwa kuwa kinachotofautiana zaidi ni mwangaza na ukolezo. Uso ukiwa mbali na mstari huo kuelekea kijani, mara nyingi taa za ukumbi ndizo zenye kosa.

## Kutoa faili la mwisho

11. Weusi umekuwa wa kijivu kwenye runinga, au suti imekuwa shimo jeusi lisilo na mikunjo. Kosa liko wapi?

Kosa ni la kiwango. Video nyingi hutumia 16 kuwa weusi na 235 kuwa weupe, ilhali kompyuta hutumia 0 na 255. Video ya 16 hadi 235 ikionyeshwa kana kwamba ni ya 0 hadi 255, picha hupauka. Ya 0 hadi 255 ikisomwa kana kwamba ni ya 16 hadi 235, kila kilicho chini ya 16 huzama na kila kilicho juu ya 235 hupasuka.

Niliwahi kukabidhi harusi nzima ikiwa na kosa la pili. Kwenye kompyuta yangu ilikuwa safi. Sebuleni kwa familia, koti la bwana harusi lilikuwa kivuli kitupu na maua yaliyotariziwa kwenye shela yalikuwa hayaonekani kabisa. Chanzo kilikuwa kisanduku kimoja cha mipangilio nilichokigusa siku ya kutoa faili. Tangu hapo hutoa kwanza dakika moja, huitia kwenye flashi na kuitazama kwenye runinga ya kawaida kabla ya kuachia kompyuta ifanye kazi usiku kucha.

12. Weusi na weupe viko sawa, lakini nyekundu imefifia na kijani kinawaka. Ni tatizo lile lile?

Si lile lile, na dalili uliyoitaja ndiyo inayolitofautisha. Kosa la kiwango hugusa weusi na weupe. Kosa la kipimo cha rangi huviacha vyote viwili salama na kugusa rangi tu. Video za zamani na DVD hutumia BT.601, ya mwaka 1982, na HD hutumia BT.709, ya mwaka 1990. Vipimo hivi hugawa mwangaza kwa hesabu tofauti. Kwa mfano, BT.601 huipa nyekundu 0.299. Video ya BT.709 ikifunguliwa kwa hesabu za BT.601, nyekundu kali huwa nyeusi kidogo na kijani huongezeka mwanga.

Hutokea hasa unapotoa DVD kutoka mradi wa HD, au faili linapokuwa halina alama inayotaja kipimo chake, na kichezaji kikaamua kubahatisha kwa kutazama ukubwa wa picha. Jaza alama hizo wakati wa kutoa. Usijaribu kulitibu kosa hili kwa kuzungusha rangi kwa mkono.

13. Nitumie kasi gani ya biti?

Kwa YouTube, mapendekezo yao kwa 1080 yenye fremu 25 ni megabiti 8 kwa sekunde, na 12 kwa fremu 50. Kwa kuwa watabana upya kwa vyovyote vile, mimi huwapelekea zaidi ya hapo pale kifurushi cha intaneti kinaporuhusu. Kwa flashi ya runinga, H.264, aina ya kawaida ya ubanaji, ya megabiti 15 huzaa picha nzuri ya harusi. Kama programu yako hutumia kipimo cha ubora badala ya kasi, x264, kibanaji cha H.264, huanzia 23 isipoambiwa vinginevyo, na namba ndogo ndiyo ubora mkubwa. Teremsha hadi 18 au 20 kwa ukungu na nyuso za usiku.

Kumbuka flashi iliyoandaliwa kwa FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga faili, haipokei faili linalofika gigabaiti 4. Kwa megabiti 15 hiyo ni takribani dakika 38, hivyo gawa harusi kwa vipengele: kanisani, picha za bustanini, ukumbini. Wapo wanaobana saa tatu nzima ziingie kwenye faili moja la gigabaiti 4. Hiyo ni takribani megabiti 3 kwa sekunde, na sare zote nyekundu zitakuwa vigae. Kwa WhatsApp, tuma kama hati, si kama video, la sivyo itabanwa tena.

## Hali zisizo za kawaida

14. Vipande vya iPhone vimekuwa vyeupe kupita kiasi nilipoviingiza kwenye mradi. Vimeharibika?

Havijaharibika. Kuanzia iPhone 12, ya mwaka 2020, simu hizo zinaweza kurekodi HDR ya biti 10, yaani video yenye upana mkubwa zaidi wa mwangaza, na mradi wako ni wa kawaida wa BT.709. Programu ikionyesha namba hizo bila kuzitafsiri, anga hupasuka na nyuso hupoteza umbo. Weka ubadilishaji wa HDR kwenda BT.709 kabla ya hatua nyingine yoyote, au zima HDR kwenye simu kabla ya sherehe kama mwenye simu ni msaidizi wako.

15. Kuna faida kurekodi 4K wakati mteja anataka 1080?

Ipo, na kwa rangi ndipo ilipo kubwa zaidi. Picha ya 3840 kwa 2160 ya 4:2:0 ina rangi ya ukubwa wa 1920 kwa 1080. Ukiipunguza kuwa 1080, kila pikseli inapata rangi yake, sawa na 4:4:4. Faili la mwisho likitolewa kwa 4:2:0 rangi itapunguzwa tena, lakini kazi yote ya katikati, hasa kuondoa mandhari ya kijani nyuma ya msemaji, itakuwa imefanyika kwenye kingo safi. Katika hali hii ulainishaji wa swali la 6 mara nyingi hauhitajiki, na punguza ukubwa mapema badala ya kufuata mfuatano wa swali la 5.

16. Nina kanda au DVD ya harusi ya wazazi. Taratibu ni zile zile?

Isipokuwa moja. Picha hizo, za 720 kwa 576, huwa na mistari iliyopishana: kila fremu ni nusu mbili zilizorekodiwa kwa nyakati mbili tofauti, na rangi ya kila nusu ni ya nusu hiyo peke yake. Ukilainisha rangi kabla ya kuzitenganisha, utachanganya rangi za nyakati mbili, na mkono unaopunga utaacha kivuli cha rangi nyuma yake. Tenganisha mistari kwanza, kisha lainisha, sawazisha, badilisha kutoka BT.601 kwenda BT.709, na kukuza kuwe mwisho.

17. Mteja anataka jina moja tu lirekebishwe. Naweza kufungua MP4 niliyomkabidhi na kuibana tena?

Unaweza, na kwenye kipande cha mchana mwenye harusi hatatambua. Atatambua kwenye ukumbi wa usiku na kwenye kila kitu chekundu, kwa sababu ubanaji wa pili unahesabu upya makosa ya wa kwanza kana kwamba ni sehemu ya picha. Rudi kwenye mradi, au kwenye faili la ProRes kama ulilihifadhi, na utoe upya kutoka hapo. Ikiwa vyote vimefutwa, kata sehemu yenye jina peke yake, irekebishe na kuibana kwa kasi ya juu kidogo kuliko ya awali, kisha iunganishe na zilizobaki kwa programu inayonakili bila kubana, ukikata kwenye fremu kamili za mwanzo wa kundi, yaani zile zilizohifadhiwa nzima bila kutegemea fremu jirani. Kodeki (aina ya ubanaji), ukubwa, idadi ya fremu na alama za rangi lazima zilingane pande zote, vinginevyo runinga itayumba kwenye kiungo.